Foleni ya Vifua

Daktari tumemzika, na hii ni wiki ya tano. Makaburini walisimama watu wanne wakasoma vyeti vyake, kimoja baada ya kingine, na kila kilichosomwa kilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na nilichokuwa nakiona si vyeti. Nilikuwa naiona ile Ijumaa tuliyomuaga kazini. Nimeamua kuiandika kabla haijachujuka. Shule niliishia kidato cha nne, lakini kuandika ndiyo kazi iliyonilisha: miaka ishirini na tisa ni karani wa mafaili katika wodi ya watoto wenye maradhi ya kifua. Daktari ndiye aliyenipa jina la Binti Faili, na mpaka leo, na wajukuu wawili mgongoni, bado naitwa binti.

Yeye naye tulimwita Mama Dakika. Mtoto akiletwa anahema, wauguzi wengi huhesabu pumzi zake kwa nusu dakika, kisha wanazidisha mara mbili. Kwa Daktari huo ulikuwa mwiko. "Mtoto hapumui kwa jedwali la kuzidisha," alikuwa akisema. "Mtazame dakika nzima. Kama huna dakika moja ya kumpa, vua hilo gauni ukauze nyanya."

Alipofika kwetu wodi ilikuwa na vitanda ishirini na mtungi mmoja wa oksijeni. Mwaka ule wa kwanza alipoteza watoto kumi na mmoja kwa nimonia. Mwaka wa pili alikaa na fundi wa karakana yetu, wakatengeneza chupa: mrija unatoka kwenye mtungi wa oksijeni unaingia puani kwa mtoto, na ncha ya pili inazamishwa ndani ya chupa ya maji. Mtoto akipumua, maji yanatoa mapovu, na ule msukumo mdogo unayazuia mapafu yake yasijifunge. Tena aligawanya hewa ya mtungi mmoja kwa watoto wanne. Mimi niliajiriwa mwaka uleule, na sauti ya kwanza niliyoisikia pale ni hiyo, bwabwabwa, kama sufuria nne zinachemka. Tangu hapo kuandika kifo kwenye daftari langu kukawa jambo la nadra. Madaktari walitoka mbali kuja kuangalia chupa zetu za maji. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto kiliamua kumpa tuzo ya utumishi wa maisha yote, kwa kazi ya mapafu ya watoto.

Tatizo lilikuwa moja. Daktari alikimbia sherehe kama paka anavyokimbia maji. Mara ya kwanza walipotaka kumtuza, aliwaambia wageni anakwenda kumtazama mgonjwa mara moja, na hakurudi. Mara ya pili aliingia ukumbini, akakaa, akasikia jina lake likitajwa kwa mbwembwe, akapitia mlango wa jikoni. Walikikabidhi kiti kitupu shada la maua.

Nilimuuliza siku moja kwa nini. Alikuwa ananisaidia kupanga mafaili. Akasema, "Binti Faili, waliopona wameenda zao, na ndivyo inavyotakiwa. Wale kumi na mmoja hawakwenda popote, ninao. Nikianza kusifiwa, nawaona wamekaa mstari wa mbele wananitazama."

Sasa Ijumaa ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Jumapili angehamia kwa mwanawe, safari ya siku mbili. Kama angekimbia na mara hii, angeondoka na wale kumi na mmoja peke yao. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Nikamwendea Sista Mkuu, mwanamke mwenye mwili wake na sauti ya king'ora.

"Huyu kwa sherehe humpati," akasema. "Huyu anapatikana kwa kazi. Tumwambie kuna wauguzi wapya hawajui kuhesabu pumzi."

"Atakuja?"

"Atakuja mbio, tena na fimbo!"

"Na akishajua?"

"Mlango wa jikoni nitasimama mimi. Apite juu yangu kama ana ngazi."

Kazi yangu ikawa kuwatafuta waliopona. Nilikuwa na wiki tatu. Kila jioni nikimaliza zamu nilibaki chumba cha mafaili, natoa yale yenye utepe wa kijani, maana yake mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani, nafungua ukurasa wa kwanza, nasoma mzazi anaishi wapi na anafanya kazi gani. Mmoja nilimpata kwa kinyozi wa baba yake. Mwingine nilimpata kwa shangazi aliyenitukana kwanza, kisha akanipa namba tatu. Kijana mmoja nilipojitambulisha tu akapaza sauti: "Dada, mimi nilishapona! Msinifuate!" Ilibidi nimwapie kwamba hakuna sindano.

Kila aliyekubali nilimpigia tiki. Walifika arobaini. Nilikuwa nikienda nyumbani natembea kama ninayesikia ngoma, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepata bwana mwingine.

Alhamisi, nikiandika kadi za vifuani za wageni, nikataka kuweka na tarehe ambayo kila mmoja alitoka wodini. Tarehe hizo ziko ukurasa wa mwisho. Nikafungua faili moja la utepe wa kijani, la mtoto wa kiume wa miaka mitatu, mama yake mpishi wa shule ya msingi ng'ambo ya reli. Nikaenda mwisho. Mwandiko ulikuwa wa Daktari. Alikuwa ameandika saa, na chini yake mstari mmoja: *Amefariki. Mama yupo naye.*

Nilikaa chini sakafuni. Kuna mwaka paa lilivuja, tepe zikabanduka, na mimi mwenyewe nilizibandika upya kwa kukisia, bila kufungua mafaili. Mtoto huyu alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Na mimi, wiki moja nyuma, nilikuwa nimempigia simu karani wa ile shule, nikachangamka kabisa: "Mwambie Mama Fulani aje Ijumaa saa nne, na mwanawe, Daktari wao anaagwa!"

Nikapiga tena. Karani wa shule akasema ujumbe alishaufikisha.

"Alisemaje?"

"Alikaa kwanza. Alikaa kama nusu saa. Halafu akasema atakuja."

Nikamkimbilia Sista Mkuu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea kwa kunong'ona. "Ee Mungu wangu. Binti Faili, umeuita msiba kwenye harusi."

"Nimfuate nyumbani nimwombe radhi?"

"Utamwambia nini? Usije, mwanao alikufa? Hapana. Kesho usimame getini, umpokee wewe kwanza, umwombe radhi huko huko."

Ijumaa nilikuwa getini tangu saa mbili. Lo, walivyokuja! Msichana mwenye joho la mwanasheria. Mapacha waliolala kitanda kimoja na sasa kila mmoja na ndevu zake. Bibi aliyembeba mjukuu mgongoni na kumburuta mwanawe wa miaka ishirini na mbili mkononi, kama ametoroka. Mwuza magodoro mrefu kama nguzo ya umeme, aliyeinama kupita mlangoni na bado akagonga kichwa. Wote niliwaficha chumba cha mikutano nyuma ya ukumbi, na wote walikuwa wanacheka chinichini kama watoto wanaojificha mchezoni. Nilipokea, nikahesabu, nikabandika kadi. Mama wa ng'ambo ya reli sikumwona. Saa nne ikafika, nikajiambia, kaghairi, na nikamshukuru Mungu, na papo hapo nikaona haya kwa kumshukuru.

Daktari aliingia ukumbini na koti lake jeupe na stetoskopu shingoni, anatembea kwa hasira.

"Wako wapi hao wasiojua kuhesabu?"

Wauguzi wapya ishirini wakasimama. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa amejibanza nyuma ya pazia na suti yake, ubao wa tuzo kwapani, hotuba ya kurasa sita mfukoni, jasho linamtoka.

"Mgonjwa wa mfano yuko wapi?"

Tukamtoa mwuza magodoro. Akavua shati, akakaa kwenye kiti, na bado alikuwa analingana kimo na Daktari aliyesimama.

"Huyu ndiye mtoto?" Daktari akauliza.

"Watoto wameisha, Daktari," Sista Mkuu akajibu kutoka mlango wa jikoni.

Daktari akasonya, akaweka stetoskopu masikioni. Ukumbi ukatulia. Akasikiliza juu kulia, juu kushoto, akashuka. Chini ya bega la kushoto akasimama. Akarudi palepale. Akamwambia, "Vuta pumzi. Tena." Akafumba macho.

Kisha akaongea bila kufumbua. "Hapa kuna mlio. Kama mtu anayekanyaga majani makavu, hatua mbili, halafu anasimama. Huu mlio ni wangu. Niliuacha mwenyewe. Nimonia ilimwachia kovu mtoto wa kitanda cha dirishani, miaka mitano, alikuwa anaogopa giza." Akafumbua macho. "Na alinitapikia kiatu."

"Vilikuwa viatu vya bluu, Daktari," jitu lile likasema.

Mambo yakaharibika hapo, kwa uzuri. Mlango wa nyuma ukafunguka kabla sijatoa ishara, wakamwagika wote waliobaki, na makofi, na vigelegele, na yule bibi anapiga kelele "Huyu hapa! Huyu hapa wako!" akimsukuma mwanawe mbele. Daktari aligeuka kulia, akageuka kushoto, macho yakaenda moja kwa moja mlango wa jikoni. Sista Mkuu alikuwa ameutanda kama kabati.

"Hapa hapapiti mtu."

"Nyinyi wote ni waongo," Daktari akasema. "Wewe Sista, na huyu Binti Faili, na huyo mnayemficha kwenye pazia, miguu yake naiona."

"Ni kweli, Daktari."

"Hakuna darasa."

"Hakuna."

Akawatazama wale watu. Nilijua anatafuta njia. Mwuza magodoro ndiye aliyeokoa jahazi. Bado kifua wazi, akasema, "Daktari, mimi umenisikiliza bure. Wenzangu je?" Na akaanza kuwapanga foleni.

Kazi hakuweza kuikimbia. Akavuta kiti.

Nilimwona akisikiliza vifua asubuhi nzima. Wengine aliwatambua mara moja. Wengi hakuwatambua, akaniambia nimsomee kadi, akaguna. "Safi." "Safi, mwanangu." "Wewe unakimbia? Hiki ni kifua cha mkimbiaji." Mapacha akawaambia wabadilishane viti kwa sababu aliyejitaja kuwa Doto alikuwa Kulwa, na kweli walikuwa wanamdanganya. Kwa mmoja alikunja uso.

"Unavuta sigara."

"Hapana, Dak..."

"Nilikaa na wewe siku tisa nikikupigania hewa, leo unaichanganya na moshi?"

Yule bwana, ana watoto wawili, alitoa pakiti mfukoni akaiweka mezani kama mwanafunzi aliyekamatwa. Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari naye alicheka, mabega yakitikisika. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo kazini. Nikasema moyoni, hakimbii. Mara hii hakimbii.

Foleni ikaisha. Mkurugenzi akatoka kwenye pazia, akakohoa, akafungua kurasa zake. Ndipo nikaona mtu mwingine amesimama pale foleni ilipokuwa imeishia. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Hakuwa na kadi. Alikuwa peke yake.

Daktari alimwangalia, na polepole akaitoa stetoskopu masikioni. Wale waliopona, wengi alihitaji kusomewa kadi zao. Huyu hakuhitaji. Alimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Fulani," akasema, kwa jina lenyewe. Halafu akanitazama mimi.

"Ni kosa langu, Daktari," nikasema. "Sikusoma ukurasa wa mwisho."

Alisimama, akaelekea mlango wa jikoni. Hakukimbia, alikwenda kama anayetembea ndani ya maji. Na Sista Mkuu, aliyeapa kwamba hapapiti mtu, alisogea pembeni akaufungua.

"Daktari." Yule mama hakupaza sauti. "Nimepanga foleni kama wengine. Zamu yangu imefika na wewe unaondoka?"

Daktari akasimama, mgongo kwetu. "Mtungi ulikuwa mmoja," akasema. "Watoto walikuwa watatu."

"Najua. Nilikuwepo. Uliniketisha ukanieleza mwenyewe, hukumtuma mtu. Na pumzi zake ulizihesabu wewe mpaka zikaisha. Unadhani nimekuja kukuuliza?"

"Umekuja kwa sababu umekosewa. Hukupaswa kuitwa."

"Sasa hapo ndipo mnapokosea wote." Akanigeukia, nikatamani ardhi ipasuke. "Dada, ni wewe uliyepiga simu? Karani wetu alikuja jikoni akauliza nani hapa anaitwa kwa jina la mwanangu. Mbele ya wapishi wenzangu. Baada yake nilizaa wasichana watatu, dunia nzima inaniita kwa jina la mkubwa wao. Miaka thelathini sijaitwa jina lile. Nilikaa kwenye gunia la unga nikalia, halafu nikacheka, wenzangu wakadhani nimepandwa na pepo. Nikasema, kumbe kuna mahali bado ameandikwa. Ameitwa Ijumaa saa nne. Hawezi kuja, nimekuja mimi badala yake."

Mkurugenzi alikuwa ameshika kurasa zake kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

Yule mama akaenda akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akageuza mgongo. "Haya, nisikilize na mimi. Nimepanda mabasi mawili, sirudi hivi hivi."

Daktari alirudi. Naapa, alirudi. Alimsikiliza mbele, akamsikiliza nyuma, bila haraka, mkono mmoja begani kwake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, nayo hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

"Kifua kizima," akasema. "Lakini kuna moshi. Unapikia nini?"

"Kuni. Jiko la shule halina bomba."

Daktari akainua kichwa. "Mkurugenzi! Weka hizo karatasi, andika. Shule ya msingi ng'ambo ya reli, jiko halina bomba la moshi. Jumatatu apelekwe fundi."

"Nimeandika, Daktari," Mkurugenzi akasema, na kweli aliandika, nyuma ya hotuba yake.

"Na hicho kilicho kwapani ni nini?"

"Ni... ni tuzo yako."

Daktari alimtazama yule mama. Yule mama akapandisha nyusi, kama anayemwambia mtoto aliyezira chakula: kula basi.

"Ilete," Daktari akasema.

Aliipokea palepale, amesimama kando ya kiti cha wagonjwa, bila jukwaa na bila hotuba. Zile kelele sijui nizielezeje. Mwuza magodoro alimnyanyua Sista Mkuu juu, naye si mtu wa kunyanyuliwa. Wauguzi wapya walipiga vigelegele mpaka wodini wakatuma mtu kuuliza kuna nini. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja na sikujali nani ananiona. Daktari alishika ule ubao kwa mikono miwili, na hakutazama mlango wowote.

Watu walipokwenda kunywa soda nje, wao wawili walibaki ndani, viti viwili vimeelekeana. Nilikuwa naokota kadi sakafuni, nikasikia Daktari akisema, kwa sauti ya chini, "Mimi nilimjua siku mbili tu, na zote mbili alikuwa anahema. Niambie alikuwaje."

"Yule?" Mama akapiga paja. "Yule alikuwa mwizi wa sukari!"

"Wacha!"

"Nakwambia! Naficha kopo juu ya kabati, anapanda kiti. Nikiondoa kiti, anapanda sufuria. Siku moja narudi, nyumba kimya. Naita, kimya. Kumbe yuko ndani ya kabati, kajifungia na kopo, na mimi nasikia tu kru, kru, kru..."

Daktari aliinamisha kichwa akacheka, kicheko cha mtu anayesimuliwa habari za mjukuu wake. "Ukafanyaje?"

"Subiri, bado sijafika."

Mfagiaji akaja na ufagio wake, akaanza kukunja viti vya mbele, akauliza kama wale wawili wanaweza kutoka. Nikamshika mkono nikamrudisha nje.

"Waache kwanza," nikamwambia. "Mtoto yuko kabatini, hajakamatwa bado."